Asilimia ya Bei: Je, Tuiamini?

Wazee wa mkoa wetu wanajua jinsi vita vinavyofika dukani. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu kaskazini ya Mto Kagera. Wakati huo mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Amin alishindwa mwaka 1979, lakini mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ikapanda kwa sababu ya mapinduzi ya Iran. Sabuni, sukari na mafuta ya taa viliadimika. Serikali ilikuwa na Tume ya Bei. Bei rasmi ilijulikana, lakini kitu chenyewe hakikuwepo dukani. Kilikuwa kwa mlanguzi, na kwa bei yake yeye. Hapo wengi waliacha kuamini tarakimu za serikali.

Siku hizi Tume hiyo haipo. Iko Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo kila mwezi hutangaza mfumuko wa bei. Watu husikia redioni "asilimia 4" na kucheka. Kabla ya kucheka, tuone hesabu hiyo hufanywaje.

Makarani huenda masokoni na madukani mijini. Huandika bei za vitu zaidi ya 300. Vitu hivyo huitwa kapu. Ndani yake mna chakula, kodi ya nyumba, nauli, nguo, hata simu. Kila kitu hupewa uzito kufuatana na fedha ambazo kaya hutumia. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa karibu 28 katika kila 100.

Sasa, ndugu msomaji, tazama kapu lako. Mwenye kibanja hapa Ijumbi halipi kodi ya nyumba. Ndizi hukata mwenyewe. Fedha zake huishia kwenye chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nauli ya Muleba. Mwaka 2022 Urusi ilivamia Ukraine. Petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mfumuko wa mwaka ule ulikuwa wastani wa asilimia 4.3. Aliyelipa nauli mpya aliona ni uongo. Lakini wastani unaweza kuwa wa kweli, na mfuko wako ukaumia zaidi. Vitu ambavyo havikupanda sana viliuvuta chini.

Jambo jingine huwachanganya wengi. Mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Sabuni ya shilingi 1,000 ikipanda kwa asilimia 5, itakuwa shilingi 1,050. Mwaka unaofuata ikipanda kwa asilimia 3, itakaribia shilingi 1,082. Mfumuko umeshuka, sabuni imepanda.

Je, tuamini? Mimi nasema tuamini huku tukiuliza. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibadilishwa, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu za kupinga zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake. Mwaka 2019 kosa hilo likaondolewa, na ilifaa liondolewe. Nani ataamini hesabu asiyoruhusiwa kuikagua?

Iko tarakimu moja rahisi kukagua. EWURA hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Orodha yake hutaja hata Bukoba na Muleba. Bei ya huku huzidi ya Dar es Salaam, maana mafuta husafiri mbali kutoka bandarini. Soma orodha, kisha soma kibao cha kituo. Ukitozwa zaidi, dai risiti. Ndiyo ushahidi wako.

Kwa bei za sokoni, darasa lichague vitu 6 na kuandika bei zake tarehe ileile ya kila mwezi, kwa muuzaji yuleyule. Baada ya miezi 12, linganisheni na tangazo la redio. Angalieni kipimo kisibadilike. Fungu la nyanya la shilingi 500 hubaki shilingi 500 mwaka mzima, huku nyanya zikitoka 6 hadi 4.