Mpira wa saa tano usiku Kaptembwo

Mtu wa Pwani akihamia Nakuru kikazi, akapata chumba cha kodi nafuu Kaptembwo, swali moja humjia mapema: mpira atautazama wapi? Kwetu kuna maskani, kuna kibanda chenye mabenchi, na muuza kahawa hayuko mbali. Kule, tangazo la mechi utalikuta zaidi nje ya baa.

Sababu ni pesa. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza ziko SuperSport, na malipo ya mwezi ya king'amuzi chenye mechi zote hayamwezi mtu wa kibarua. Mwenye baa huzirudisha kwa chupa. Kiingilio hadai, lakini kaa na soda moja dakika tisini uone mhudumu atakuuliza mara ngapi unaongeza nini.

Kisha kuna sheria ya vileo ya 2010, ile tuiitayo Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, kaunti hiyo hiyo ya Nakuru. Baa za kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia.

Sasa tazama saa ya Ulaya. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi, wenzetu hurudisha saa nyuma, na mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku ya kwetu. Yaani refa anapuliza kipenga wakati baa inatakiwa kufunga mlango. Kinachofuata wakijua wote: taa za nje huzimwa, sauti hupunguzwa, na wateja husikiliza mpira kwa sikio moja na gari la polisi kwa jingine. Tena ukitoka hapo ni karibu saa saba, na matatu hakuna.

Kwa asiyekunywa, na kwa kijana wa shule siku ya Jumamosi, kimbilio ni kibanda cha mabati: shilingi chache mlangoni, vileo hakuna. Lakini nacho kina kasoro. Malipo ya king'amuzi cha nyumbani hayampi mtu ruhusa ya kuonyesha mechi kwa kiingilio. Biashara ina mkataba wake, na bei yake ni nyingine. Kwa hiyo mahali panapomfaa zaidi mtoto ndipo mwenyewe anapoweza kunyang'anywa runinga wakati wowote.

Naona hapo kaunti imelala. Baa ina leseni yake inayojulikana. Kibanda nacho kipewe kibali cha bei ndogo, na kampuni za matangazo ziombwe kifurushi cha kumbi ndogo. Kwa sasa, mzazi mwenye kijana Kaptembwo na aulize mambo mawili kabla ya kumpa nauli: kibanda hufungwa saa ngapi, na je, pembeni pana mashine ya kamari?