Ardhi ya Njia Panda Iandikwe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi hufika Nangurukuru, na hapo ndipo barabara ya Kilwa Masoko inapochepuka kuelekea baharini. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, na lami ikafuata, safari iliyokuwa ikiwakwamisha watu wakati wa masika imekuwa ya saa chache. Penye njia panda hufuata biashara, na biashara hutafuta kiwanja. Kwa hiyo swali la nani mwenye ardhi, na ushahidi wake uko wapi, si la mawakili peke yao. Ni la mkulima wa ufuta, la mchukuzi wa mizigo kituoni, na la kila mwanachama wetu.

Twajua jinsi mashamba mengi yanavyouzwa. Huchukuliwa karatasi ya daftari la shule. Huandikwa jina la muuzaji na la mnunuzi, kiasi cha fedha, na mipaka itajwayo kwa mwembe na kijito. Kisha hutiwa saini na mashahidi wawili na balozi wa shina. Karatasi hukunjwa ikawekwa sandukuni. Hatusemi kwamba haina maana, kwani yashuhudia kwamba fedha zilitolewa. Lakini yapasa tuseme wazi, maana jambo hili latuhusu sisi wenyewe: balozi wa shina ni kiongozi wa Chama. Nyumba kumi kumi ziliwekwa na TANU katika miaka ya 1960, wakati Chama na Serikali vilipokuwa vikienda pamoja. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Saini ya balozi leo ni ya jirani mwema aliyeona kwa macho yake, haiidhinishi kitu.

Mwenye kuidhinisha ni Halmashauri ya Kijiji. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. (Ardhi iliyopimwa viwanja vya mji ina njia yake nyingine, nayo huishia kwa Msajili wa Hati, hapa twasema juu ya ardhi ya kijiji.) Mauzo yasiyopata idhini ya Halmashauri hayana nguvu, na Mahakama ya Rufani imekwisha kushikilia hivyo. Mtu aliyejenga nyumba ya matofali kwa kutegemea karatasi ya sandukuni amejenga juu ya mchanga.

Wako wazee watakaouliza: babu yangu aliufyeka msitu huu kwa shoka lake, karatasi ya nini? Sheria yenyewe yakubaliana nao kwa sehemu, kwani haki ya kimila haizaliwi na karatasi, na hadhi yake ni sawa na ya haki iliyotolewa na Serikali. Walakini tukumbuke yaliyopita. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi jirani akikusanya alama za watawala juu ya mikataba wasiyoweza kuisoma. Mwaka 1895 Wajerumani wakatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola yao. Mwenye hati alihesabiwa kuwa mmiliki. Mwenye jembe alihesabiwa kuwa mkaaji tu. Na ni ajabu kwamba hayo yaliwapata watu wa Kilwa, mji ambao tarehe ya masultani wake iliandikwa karne nyingi zilizopita. Wafalme walikuwa na kitabu. Mkulima hakuwa hata na ukurasa mmoja.

Wala si mambo ya Wajerumani peke yao. Kampuni ya Bioshape ya Uholanzi iliingia wilayani Kilwa mwaka 2006 kulima mbono kaburi kwa ajili ya mafuta, ikapata kiasi cha hekta 34,000 katika ardhi ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Kufikia mwaka 2009 kazi ilikuwa imesimama, na kampuni ikafilisika. Sasa msomaji aangalie jambo moja. Mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji; lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, na ikishahamishwa hairudi kijijini kwa sababu tu kampuni imekufa. Katika wilaya hiyo hiyo, kijiji cha Kikole kilitangulia kuuandika msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, na kikauza mpingo kwa cheti cha kimataifa. Tofauti ni kubwa.

Njia ya kuandikisha ni hii. Kijiji kwanza kiwe na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, chenye mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani. Kisha mwananchi huomba kwa fomu, shamba hupimwa majirani wakiwa wamesimama mipakani, Halmashauri huamua. Hati ya hakimiliki ya kimila hutiwa saini na Mwenyekiti, Mtendaji na mwenye shamba, huthibitishwa na Afisa Ardhi wa Wilaya, na kumbukumbu hubaki katika masjala ya kijiji na ya wilaya. Mwanakijiji aweza kupewa haki hiyo bila kikomo cha miaka.

Wakati wa kupima ndipo siri hutoka. Kwetu pwani mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi: mtu huuza miti, mnunuzi akadhani amenunua shamba, na watoto wao wakagombana baada ya miaka thelathini. Hati na iseme. Na hapo ndipo jina la mke husahauliwa, ingawa palizi ya miaka yote ni yake. Sheria yabatilisha mila imnyimayo mwanamke ardhi, na Halmashauri hairuhusiwi kuidhinisha mauzo yanayomwondolea haki yake. Mwanachama anayeandikisha shamba la nyumba yake kwa jina lake peke yake, hali mkewe amesimama na jembe mkononi, hatumwelewi.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutanishwa kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao wanachama wetu na waulize: Cheti kipo, na kimewekwa wapi? Masjala ina chumba kisichovuja, na kabati la chuma lenye kufuli? Mchwa wa pwani hula karatasi kama walavyo nguzo za nyumba. Ufunguo nao, unashikwa na nani?