MAANA NA ASILI YA NENO "BOMA"

Mtu atokaye Unguja au Pemba akifika Handeni au Korogwe, Mkoani Tanga, kwa shughuli ya cheti au shauri lihusulo Serikali, huenda akaelekezwa kwa maneno mawili tu: "Nenda bomani." Huko bara, ndoa ifungwayo mbele ya Mkuu wa Wilaya huitwa ndoa ya bomani. Visiwani neno hilo halikushika mizizi kwa maana hiyo. Zama za ukoloni wananchi walikwenda mudiria, na hivi sasa huenda Wilayani au kwa Sheha. Kwa sababu hiyo ni vyema asili yake ielezwe.

Imeenea kauli kwamba boma si Kiswahili, bali ni herufi nne za mwanzo za jina la Kiingereza la idara iliyosimamia makoloni ya Uingereza. Kauli hiyo husemwa hata na watu wenye elimu yao, lakini haina msingi. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, tayari inalo neno hilo, kwa maana ya kizuizi cha miti, mawe au miiba kinachoulinda mji. Msafiri Henry Stanley naye alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1878. Waingereza waliingia Handeni na Korogwe mwaka 1916, walipowaondoa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto hamtangulii mzazi wake kuzaliwa.

Boma, basi, asili yake ni kinga. Katika karne ya 19 nchi ya Wazigua na Wasambaa ilikumbwa na biashara ya watumwa, na baada ya kufariki mtawala Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ikakumbwa pia na vita vya kugombea madaraka. Watu walizungushia miji yao miti na miiba ili walale salama. Mwishoni mwa mwaka 1889 na mwanzoni mwa 1890, Bwana Heri bin Juma wa Saadani aliyakabili majeshi ya Hermann von Wissmann akiwa ndani ya boma la miti pale Mlembule.

Wajerumani waliposhinda, nao walijenga vituo vyenye kuta nene, na wenyeji hawakuhitaji kutafuta jina jipya. Handeni ikawa kituo chini ya Pangani. Korogwe ikafikiwa na reli ya kutoka Tanga mwaka 1902. Ndani ya kuta hizo ndimo ilimokusanywa kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, na ndimo walimochapwa watu viboko 25, adhabu iliyojulikana kwa jina la "hamsa ishirini". Hivyo neno lililokuwa na maana ya ukuta likapata maana ya mamlaka yaliyo nyuma ya ukuta. Waingereza walilirithi, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 likabaki. Malawi na Zambia nako makao ya wilaya huitwa boma.

Hivi sasa neno hili lina maana tatu ambazo mtumishi wa Serikali hana budi kuzitenganisha:

(a) Ua au zizi la mifugo, na kwa wafugaji, makazi ya jamaa pamoja na mifugo yao;

(b) Jengo lililosimama kuta bila ya kuezekwa, kama vile maboma ya madarasa na zahanati yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi;

(c) Ofisi ya utawala, hususan ya Wilaya.

Jambo hili si dogo. Taarifa isemayo kwamba katika kijiji fulani mna maboma kumi haieleweki. Msomaji mmoja atafikiri ni jamaa kumi zinazostahili huduma, na mwingine atafikiri ni majengo kumi yanayosubiri mabati. Kwa wafugaji, kama wale waliohamia Msomera, Wilayani Handeni, kutoka Ngorongoro kuanzia mwaka 2022, boma ni nyumbani kwa mtu. Haifai lihesabiwe kuwa zizi tupu. Mwandishi wa barua au taarifa aeleze bayana: boma la mifugo, boma la jengo, au makao ya jamaa.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Boma lilijengwa na wananchi ili liwalinde, kisha likageuzwa kuwa mahali pa kuogopwa. Mtumishi aketiye bomani hivi leo, na kadhalika aliyeko Wilayani au katika shehia, akumbuke ile maana ya kwanza kila mwananchi abishapo hodi mlangoni pake.