Uchovu wa Mionzi na Vidonge vya Lishe

Uchovu unaompata mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi si ule wa mtu aliyetoka shambani. Mkulima akilala, asubuhi nguvu zimerudi; mgonjwa huyu huamka bado amechoka, na kufua shati moja humlazimu akae chini. Kwa kawaida hali hii huanza wiki ya pili au ya tatu ya tiba, huzidi kuelekea mwisho, kisha hupungua taratibu kwa wiki au miezi.

Vyanzo vyake huandamana. Mwili hutumia nguvu kukarabati seli zenye afya zilizoguswa na mionzi. Upungufu wa damu, usingizi mbovu, maumivu na safari za hospitali siku tano kwa wiki huongeza mzigo. Anayechomwa mionzi ya kichwa au shingo hupata vidonda vya kinywa, akashindwa kula.

Hapo ndipo wengi hukimbilia vidonge. L-karnitini, gramu 2 kwa siku, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 376 wa saratani. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa haikuizidi dawa bandia. Koenzaimu Q10 nayo haikuwasaidia wanawake wenye saratani ya matiti. Jinsengi ya Marekani, miligramu 2,000 kwa siku, ilileta nafuu baada ya wiki nane katika jaribio la watu 364 lililochapishwa mwaka 2013.

Vipo pia vya kuogopwa. Mionzi huua saratani kwa sehemu kwa kuzalisha radikali huru, na antioksidanti huzinasa hizohizo. Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo walihusika katika jaribio la vitamini E na beta-karotini. Waliopewa viwili hivyo pamoja walipungukiwa na madhara makali ya mionzi, lakini saratani ilielekea kurudi zaidi kwa waliotumia vidonge.

Kirutubishi husaidia zaidi pale kinapoziba pengo lililopimwa: madini ya chuma kwa aliyepungukiwa nayo, au maziwa ya lishe kwa anayekonda. Mwongozo wa Ulaya hutaka gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 90, na yai moja hutoa kama 6. Zilizobaki hutoka kwenye dagaa, maharage na maziwa. Kinywa kikiuma, uji wa ulezi uliokorogewa maziwa na karanga zilizosagwa laini hupita kwa urahisi.

Mazoezi mepesi, kama kutembea kila siku, yana ushahidi mzito kuliko kidonge chochote kati ya hivi. Anayetaka kuongeza kidonge humwonyesha kwanza daktari wa mionzi chupa yenyewe.