Kanisa la Emmanuel, Freretown: Kanisa la Watu Waliokombolewa

Mtu avukaye Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kwenda Kisauni hufika upesi mahali paitwapo Kengeleni. Abiria hulitaja jina hilo kila siku, lakini ni wachache waulizao limetoka wapi. Limetokana na kengele ya kweli, iliyotundikwa katika mnara mdogo wa mawe kando ya njia. Historia ya kengele hiyo ni moja na historia ya Kanisa la Emmanuel, kanisa la Kianglikana la mtaa wa Freretown, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1880.

Kanisa hili ni la zamani kuliko Kanisa Kuu la Kianglikana lililoko kisiwani, ambalo lilifunguliwa mwaka wa 1905. Lakini heshima yake haitokani na umri peke yake. Wengi katika waumini wake wa kwanza walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa, wakashushwa pwani bila jamaa, bila ukoo, na bila lugha moja ya kusemezana. Kusimulia habari za kanisa hili ni kusimulia jinsi watu wa namna hiyo walivyopata kuwa jamii.

MWANZO WAKE

Mmisionari wa kwanza wa Chama cha Kanisa la Kiingereza, Dr. Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Katika mwezi wa Julai wa mwaka huo huo mkewe Rosina alikufa, na mtoto wao mchanga pia. Walizikwa upande wa bara, karibu na mahali ambapo baadaye palijengwa Freretown. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alimfuata Krapf, nao wakafungua kituo huko Rabai. Lakini kwa muda wa miaka karibu thelathini walioingia dini hiyo walikuwa wachache mno.

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea baharini. Manowari za Kiingereza ziliyakamata baadhi ya majahazi, lakini ikawa taabu kujua watu waliomo wapelekwe wapi, kwa kuwa makwao kulikuwa mbali, na wangerudishwa pwani wangekamatwa tena. Wengine walipelekwa Bombay. Huko Bara Hindi, karibu na mji wa Nasik, palikuwa na makao ya misioni ambapo vijana wa Kiafrika walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono. Watu wa pwani waliwaita Waafrika wa Bombay.

Mwaka wa 1864 baadhi yao walirudi Afrika kusaidia kazi ya Rabai. Majina yao yanastahili kukumbukwa: William Jones, Ishmael Semler na George David. Wengine waliosoma Nasik walikuwamo katika msafara wa Dr. Livingstone. Livingstone alipokufa mwaka wa 1873, wao walikuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wake kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo. Mmoja wao, Matthew Wellington, aliishi Mombasa mpaka alipokufa mwaka wa 1935.

KIJIJI CHAANZISHWA

Mwaka wa 1872 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kuzungumza na Sultani Barghash juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Frere alikuwa amewahi kuwa Gavana wa Bombay, na habari za Nasik alizijua. Aliona kwamba watu wanaokombolewa baharini wapewe mahali pa kukaa katika pwani ya Afrika yenyewe. Mwezi wa Juni, 1873, Sultani alitia sahihi mapatano ya kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari, na masoko yao yakafungwa.

Katika mwezi wa Novemba, 1874, alifika Mombasa Kasisi William Salter Price, ambaye ndiye aliyekuwa akiyasimamia makao ya Nasik. Alinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mwaka wa 1875 kijiji kikaanza, nacho kikaitwa Freretown kwa jina la Frere. Mwezi wa Septemba mwaka huo manowari ilishusha hapo zaidi ya watu 200 kwa mara moja. Wengi wao walitoka nchi za mbali za kusini. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa.

Msomaji na afikiri kazi iliyokuwako. Watu hawa walihitaji chakula, nguo, nyumba na mashamba. Watoto hawakuwa na wazazi wa kuwalea. Hapakuwa na wazee wa ukoo wa kuamua shauri la ndoa wala la ugomvi. Waafrika wa Bombay, ambao wenyewe walikuwa wameonja utumwa, ndio waliokuwa walimu na wasimamizi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili watoto walifundishwa shuleni, na kwa Kiswahili watu waliomba pamoja.

SAUTI YA KENGELE

Katika kijiji kama hicho kengele ilikuwa na kazi nyingi, ya kuwaita watu kwenye ibada na ya kuutangaza wakati. Lakini wazee wa Freretown wamesimulia kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: ililia kuwaonya watu kila ilipojulikana kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Hofu hiyo ilikuwa na sababu yake. Mapatano ya 1873 yalikataza biashara ya baharini, lakini hayakuufuta utumwa wenyewe. Mtu aliyekuwa na watumwa Mombasa aliendelea kuwamiliki kwa sheria ya nchi. Kwa hiyo kijiji cha watu huru kilikuwa ng'ambo tu ya maji kutoka mji wenye watumwa, na mtumwa aliyeweza kupata ngalawa usiku aliweza kufika huko kabla ya mapambazuko.

Wenye watumwa walikasirika sana. Mwaka wa 1880 walitishia kukishambulia kijiji. Wamisionari nao walikuwa katika shida kubwa. Wakiwapokea watoro, walivunja sheria ya Sultani. Wakiwarudisha, walivunja maneno waliyoyahubiri wenyewe.

Wala si kweli kwamba ndani ya kijiji mambo yote yalikuwa mazuri. Watu waliokombolewa walitawaliwa kwa amri kali, na wengine walipigwa viboko na kufungwa. Malalamiko yalizidi hata mwaka wa 1881 uchunguzi ukafanywa, na msimamizi aliyehusika akaondolewa. Jambo hili laonyesha kwamba watu wa Freretown hawakukubali kutolewa mikononi mwa bwana mmoja ili wapewe mwingine.

Shauri la watoro lilifika ukingoni mwaka wa 1888, ilipogunduliwa kwamba mamia ya watoro walikuwa wakiishi katika vituo vya misioni, hasa Rabai. Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alipatana na wenye watumwa walipwe fidia. Tarehe 1 Januari, 1889, watoro walikusanyika Rabai wakapewa hati za uhuru. Waliokombolewa kwa mapatano hayo walikuwa zaidi ya elfu moja. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907.

WACHUNGAJI WA KIAFRIKA

Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington aliwaweka William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Basi vijana waliouzwa utotoni sasa walivaa mavazi ya uchungaji. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi Rabai. Walifika mwanzo wa mwaka wa 1886, wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno Ikabodi, yaani, utukufu umeondoka.

Freretown palikuwa pia na shule ya kufundishia wachungaji. Mwaka wa 1930 ilihamishwa kwenda Limuru, na kutoka humo kikakua Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua pia kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka wa 1934. Baba yake mwandishi alikuwa mmoja wa watu waliokombolewa baharini na kuletwa Freretown.

KANISA KATIKA MJI

Zamani mtu wa kisiwani aliyetaka kwenda Freretown ilimbidi kuvuka kwa chombo. Mwaka wa 1931 daraja lielealo liliwekwa Nyali, na mwaka wa 1980 likafunguliwa daraja la sasa la saruji. Kijiji kilichotengwa na maji kikamezwa na mji. Mahali palipokuwa mashamba ya waliokombolewa pana maduka, shule na nyumba za watu wa kila kabila, na mnara wa kengele umezungukwa na magari mchana kutwa.

Hata hivyo kanisa lingali kanisa la mtaa. Watoto hubatizwa humo, vijana hufunga ndoa, na wafu huombewa, kama katika kanisa lingine lolote. Kwa watu wa kawaida mambo hayo si ya kustaajabisha. Lakini kwa wale walioanza Freretown, kuandikwa jina katika kitabu cha ubatizo au cha ndoa kulikuwa jambo kubwa, kwa sababu mtumwa hakuwa na haki ya kuamua ataoa nani, wala ya kuwazuia watoto wake wasiuzwe. Apitaye Kengeleni na aliangalie jengo hilo akikumbuka jambo hilo.