Gari Huachwa Kabla ya Kununuliwa

Mjadala kuhusu kupunguza magari binafsi mijini huendeshwa mara nyingi kana kwamba uamuzi wa kutumia gari hufanyika kila asubuhi, pale mwenye gari anaposhika ufunguo na kujiuliza kama leo aliendeshe au apande basi. Kwa hakika uamuzi huo hufanyika mara chache sana katika maisha ya mtu, hasa siku anapolinunua gari na siku anapochagua mahali pa kuishi. Baada ya hapo kinachobaki ni mazoea. Gharama za gari ni za namna mbili: zipo zinazolipwa hata gari likilala uani mwezi mzima, kama vile bei ya ununuzi, ushuru wa forodha na bima, na zipo zinazoongezeka kadiri gari linavyotembea, yaani mafuta na maegesho. Kwa kuwa za kundi la kwanza ndizo kubwa na zimekwisha kulipwa, mwenye gari anapopima safari moja moja huona anachodaiwa ni mafuta tu, na hesabu hiyo ikilinganishwa na nauli za watu wanne wa nyumba moja, basi huwa limeshashindwa kabla halijafika kituoni.

Hoja hii ina uzito wa pekee katika Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728, na ambalo wengi wa wakazi hao husafiri kwa daladala, mwendokasi, bodaboda na bajaji, au kwa miguu. Miji ya Ulaya na Marekani inahangaika kumshawishi mwenye gari aachane nalo, kazi ngumu na ya polepole, ilhali Dar es Salaam bado ina nafasi ya kuuliza swali jepesi zaidi: ni nini kitamfanya abiria wa leo, ambaye anadunduliza fedha ili aagize gari dogo lililotumika kutoka Japani, aone kwamba halihitaji? Nafasi hiyo haitadumu, kwa sababu kila mwaka wa huduma mbovu ya basi ni mwaka wa kumfundisha abiria huyo kwamba mtu mwenye akili hujinunulia gari.

Mfumo wa mabasi yaendayo haraka, ambao wakazi huuita mwendokasi, ulibuniwa kujibu swali hilo. Huduma ilianza Mei 2016 katika njia zenye jumla ya takriban kilomita 21, yaani njia kuu ya kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Msingi wake ni njia ya pekee katikati ya barabara ambayo magari mengine hayaruhusiwi kuingia, vituo vilivyoinuliwa hadi kulingana na sakafu ya basi ili mzee, mjamzito na mwenye kiti cha magurudumu wasihangaike na ngazi, na nauli inayolipwa kabla ya kupanda ili basi lisisubiri konda akusanye fedha. Mfumo huo ulionyesha kwamba basi linaweza kulipita gari binafsi lililokwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na jiji likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ambayo hutolewa kwa uratibu wa taasisi ya kimataifa ya sera za usafiri, ITDP. Hata hivyo, huduma ilianza kwa mabasi 140 wakati mpango wa awamu hiyo ulihitaji zaidi ya 300, na upungufu huo umebaki kuwa jeraha la mfumo mzima.

Uzito wa jeraha hilo hueleweka vizuri zaidi kwa kutazama namna abiria anavyopima muda. Wataalamu wa usafiri hutenganisha muda wa kuwa ndani ya chombo na muda wa kusubiri, na tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba dakika moja ya kusubiri humlemea abiria kuliko dakika moja ya kusafiri, mara nyingi kwa takriban maradufu, kwa sababu anayesafiri anajua anasogea ilhali anayesubiri hajui chochote. Kwa hiyo fedha zinazotumika kuongeza mabasi ili yapite kwa kufuatana zinaweza kuvuta watu wengi kuliko fedha zinazotumika kuongeza kasi ya basi lililokwisha kufika. Kisha kuna suala la kutotabirika, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Mfanyakazi anayetakiwa kazini saa mbili asubuhi hapangi safari yake kwa wastani wa siku zote. Huipanga kwa kuikumbuka siku mbaya kuliko zote. Mvua kubwa zinapofunga barabara katika bonde la Jangwani, ambako mto Msimbazi hufurika na ambako karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa, huduma ya kipande hicho husitishwa, na maelfu ya watu hujikuta wakitafuta njia nyingine bila kujiandaa. Siku chache za namna hiyo katika mwaka mmoja zinatosha kufuta imani iliyojengwa na miezi kadhaa ya safari nzuri.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni bure, kwa kuwa gari katika jamii hii ni heshima, na heshima haibadilishwi na ratiba ya mabasi. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, lakini treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam katikati ya mwaka 2024 inaijibu kwa kiasi kikubwa. Safari ya kilomita zipatazo 450, ambayo kwa barabara hula sehemu kubwa ya siku, hukamilika kwa treni hiyo kwa saa nne au pungufu, na miongoni mwa abiria wake wamo watu wenye magari yao ambao hakuna aliyewahubiria kuyaacha. Walipata chombo kisafi, chenye kiti cha hakika na saa ya kuondoka inayojulikana, na heshima ikahamia humo pamoja nao. Anayepanda mwendokasi kwa kusukumana dirishani hawezi kulaumiwa akiitafuta heshima hiyo kwingine.

Wakati huohuo dola imekuwa ikijenga pande mbili kwa mkupuo. Kutoka Kimara, mahali hasa ambapo njia ya mwendokasi ya awamu ya kwanza inaishia, barabara ya kuelekea Kibaha imepanuliwa kwa kilomita 19 hivi hadi kuwa na njia nane. Mwaka 1962 mwanauchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza kwamba barabara kubwa ya mjini inapopanuliwa, waliokuwa wakiikwepa hurejea, waliokuwa wakisafiri mapema au kuchelewa huhamia saa za msongamano, na foleni hurudi ilipokuwa. Wataalamu wa leo huongeza kwamba nafasi hiyo mpya huzaa pia safari ambazo hazikuwapo. Houston ilipanua barabara yake ya Katy hadi kufikia njia 26 katika baadhi ya sehemu, kazi iliyokamilika mwaka 2008, na miaka michache baadaye muda wa safari katika saa za msongamano ulikuwa umeongezeka. Barabara pana inayoishia pale basi linapoanzia humwambia mkazi wa Mbezi au Kibamba kwamba serikali inamtarajia aje na gari.

Miji iliyofanikiwa ilizingatia mfuatano wa hatua. Stockholm iliongeza mabasi Agosti 2005, na miezi michache baadaye, Januari 2006, ndipo ikaanza kwa majaribio kutoza ada magari yanayoingia au kutoka katikati ya jiji. Magari yanayovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban asilimia 20, wakazi waliokuwa wakipinga wakabadili mawazo baada ya kuyaona matokeo, na ada ikawa ya kudumu mwaka 2007. Singapore ilikwenda mbali zaidi kwa kushika siku yenyewe ya ununuzi: tangu mwaka 1990 anayetaka gari hulazimika kwanza kushinda mnada wa cheti kinachomruhusu kulimiliki kwa miaka 10. Kuiga ada hizo Dar es Salaam kabla mabasi hayajatosha kungekuwa dhuluma, kwani kungemwadhibu mtu kwa kukosa njia mbadala ambayo hajawahi kupewa. Nauli ya bure nayo si dawa; Tallinn iliwafutia wakazi wake nauli mwaka 2013, lakini wengi wa walioongezeka ndani ya mabasi walikuwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pembezoni mwa jiji, na hapo ndipo gari la kwanza la familia huzaliwa. Viwanja vya bei nafuu viko Goba, Kinyerezi, Chanika na Bunju, na mtu hujenga huko kabla lami haijafika. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu kuna bodaboda, vumbi au tope, na giza kwa anayerudi saa tatu usiku, jambo linalomtia hofu mwanamke zaidi ya yeyote. Mtoto naye huchukuliwa na basi la shule alfajiri, akisinzia, ili azungushwe mitaa kadhaa kabla ya kufika darasani. Mzazi anayenunua gari katika mazingira hayo hanunui anasa. Kinachohitajika ni mabasi madogo ya kulisha vituo vikuu, yenye tiketi moja na mwendokasi na yanayofika mitaani hadi usiku, njia za waenda kwa miguu zenye taa, na shule nzuri za karibu, vyote vikiwapo kabla mkopo wa mshahara wa kununulia gari haujatoka benki. Mkazi wa Goba akiwa na hakika ya basi la saa tatu usiku, mkopo huo unaweza kumalizia nyumba au kulipa ada ya shule. Asipokuwa nayo ataagiza gari, na akishaliagiza atakuwa amepotea katika hesabu ya abiria kwa miaka mingi.