Mkanda wa Injini na Kikaza Chake: Sababu ya Kuvibadilisha kwa Pamoja

Mkanda wa nje wa injini, ambao wengi huuita mkanda wa feni hata pale usipozungusha feni, ni utepe wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi ngumu, na kazi yake ni kuchukua mzunguko wa kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, na kuupeleka kwenye altaneta inayochaji betri, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Katika Toyota Noah ya toleo la AZR60 kazi hizo zote hutegemea mkanda mmoja mpana wenye mifereji, hivyo ukikatika betri haichajiwi, usukani huwa mzito, na injini huchemka kwa kuwa maji hayazunguki tena. Katika kata ya Magindu, wilayani Kibaha, na vijiji vya jirani upande wa Kisarawe, ambako gari huacha lami na kufuata barabara za udongo, hitilafu hiyo huweza kumkuta dereva mbali na fundi na mbali na duka la spea, na akilazimisha safari huku mshale wa joto umepanda huweza kuunguza gasketi ya silinda hedi kwa muda mfupi.

Kikaza mkanda, au tenshena kama kinavyoitwa gereji, ni mkono unaosukumwa na springi, au na kifaa kidogo chenye mafuta ndani, ili puli iliyo kwenye ncha yake iubane mkanda kwa nguvu isiyobadilika. Vumbi laini la kiangazi huingia katika mifereji na kuusaga mpira, huku tope la masika likipenya kwenye beringi, ambazo ni gololi zinazoiwezesha puli kuzunguka kwa wepesi, na springi nayo hulegea kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana mkanda mpya ukifungwa juu ya kikaza kilichochoka huteleza, hupata joto na kulika mapema, na mwenye gari hurudi kununua mwingine akidhani aliuziwa bandia.

Mikanda ya zamani ilionyesha uchakavu kwa kupasuka nyufa, lakini mingi ya sasa, iliyotengenezwa kwa mpira wa EPDM, hupungua unene bila kupasuka, kwa hiyo kina cha mifereji ndicho cha kuangaliwa. Kelele nayo hufasiriwa kwa kunyunyiza maji kidogo kwenye mifereji injini ikiwa katika sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta: ikizidi, mkanda umelegea, ikikoma kwa muda kisha ikarudi, huenda puli hazikai katika mstari mmoja. Kupaka mkanda mafuta au sabuni ili unyamaze huuharibu na kuuficha ugonjwa.

Ubadilishaji huanza injini ikiwa imepoa na waya wa hasi wa betri umefunguliwa, kisha fundi huchora njia ya mkanda kabla ya kuugeuza mkono wa kikaza kwa spana na kuutoa. Hapo kila puli huzungushwa kwa mkono, na yoyote inayokwaruza au kuyumba hubadilishwa, na uvujaji wowote wa mafuta huzibwa, kwa kuwa mafuta huulainisha mpira. Baada ya kufunga kikaza na mkanda mpya, huhakikishwa kwamba kila mfereji umekaa mahali pake, kisha kranki huzungushwa kwa mkono kabla ya kuwasha.

Magari kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ hayana kikaza cha kujiendesha, bali mikanda yake miwili, ambayo hubadilishwa kwa jozi, hukazwa kwa kusogeza altaneta. Miongozo ya Toyota huuhesabu mkanda kuwa mpya pale tu ambapo haujafanya kazi kwa dakika 5 injini ikiwaka, kwa sababu baada ya hapo hunyooka na kulegea kidogo. Fundi makini huwasha, huzima, kisha hupima tena mkazo.

Kwa gari kuukuu linalohudumia vijiji, mkanda na kikaza vinapaswa kuhesabiwa kuwa spea moja, vikaguliwe kabla ya masika, na mkanda wa akiba wenye namba sahihi ubebwe pamoja na spana yake, kwani gharama ya maandalizi hayo ni ndogo mno kuliko ya kufungua injini iliyochemka.